Vidole vya Dr. V

Daktari kijana akija kwangu kujifunza upasuaji wa macho, kabla hajashika kisu humsimulia habari za Govindappa Venkataswamy wa Madurai, kusini mwa India. Wengi walimwita Dr. V tu.

Alizaliwa 1918, akahitimu udaktari 1944 na kuingia jeshini. Nia yake ilikuwa kuwa daktari wa uzazi. Baridi yabisi ikamvamia: viungo vikavimba, vidole vikapinda na havikunyooka tena. Kuna wakati hata kalamu ilimshinda. Ndipo akageukia macho, akazoeza vidole vilevile kushika kisu.

Anayejua kazi yetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Kutoa mtoto wa jicho hakuhitaji nguvu. Unafungua kijimlango kidogo pembeni mwa jicho, unatoa lenzi iliyoingia ukungu, unaweka ya bandia, na nyuma yake kuna utando mwembamba mno ambao mkono ukiteleza kidogo tu unachanika. Yeye alipasua macho zaidi ya 100,000.

Mwaka 1976 akastaafu kazi ya serikali. Pamoja na ndugu zake akafungua hospitali ya Aravind yenye vitanda 11: vitano vya wanaolipa, sita vya wasio na kitu. Anayelipa ndiye anayembeba asiyelipa, na hesabu hiyo imesimama mpaka leo.

Lakini kinachonivutia zaidi ni chumba chao cha upasuaji. Meza mbili ziko ubavu kwa ubavu. Daktari akimaliza mgonjwa mmoja, anageuza hadubini upande wa pili. Huko mgonjwa ameshalazwa, ganzi imeshakolea, vifaa viko tayari. Wanaoandaa yote hayo ni wasichana wa vijijini waliofundishwa hapohapo. Nasema wazi: kwetu foleni ni ndefu, na bado daktari anakaa akisubiri meza ifutwe. Hilo linaniuma.

Lenzi za bandia nazo zilikuwa ghali, karibu dola 100 kutoka nje. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ikashuka hadi dola chache.

Dr. V alifariki 2006. Juzi nilimfungua bandeji bibi mmoja niliyemwekea lenzi. Hakunitazama mimi. Aliinua viganja vyake karibu na uso, akavigeuza taratibu, akaanza kuhesabu vidole.