Polishi ya mashine: rangi ya gari inaporudishwa kwa kupunguzwa

Neno polishi linatudanganya. Tumelizoea kwenye viatu: unachota kiwi, unapaka, unapiga brashi, kiatu kinameremeta kwa sababu kimeongezewa kitu. Basi mwenye gari lililopauka akiambiwa na fundi "tulipige polishi ya mashine", hudhani linakwenda kupakwa mafuta ya kung'aa. Sivyo. Polishi ya mashine ni kusaga. Inakwangua ngozi ya juu ya rangi, kidogo sana, mpaka ifike sehemu ambayo bado ni nzima.

Bodi ya gari ina matabaka kama kitunguu. Chini kuna bati, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita kliya. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani, vyote hivyo pamoja mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 180 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kliya peke yake huwa kama mikroni 40 au 50, na unywele wa mtu ni kama 70. Kazi yote ya mashine inafanyika ndani ya unene huo, mwembamba kuliko unywele.

Mbona sasa kupunguza kunaleta mng'ao? Fikiria maji ya dimbwi. Yakitulia unajiona uso, upepo ukipita sura inavurugika, ingawa maji ni yaleyale. Rangi iliyochoka imevurugika namna hiyo: jua limeichoma, na kila mara gari linapofutwa vumbi kwa tambara kavu, mchanga umo ndani ya tambara na unachora mikwaruzo midogo. Lisimamishe juani uone ile mizunguko kama utando wa buibui kwenye boneti nyeusi. Nuru ikigonga pale inatawanyika, nasi tunasema gari limefubaa. Mashine inasawazisha vilima hivyo, nuru inarudi kwa pamoja.

Mashine zenyewe ziko za aina mbili. Ya kwanza inazunguka tu, kama grenda. Inakula haraka, inatoa joto, na mkono mbichi ukiituliza mahali pamoja kwa sekunde chache, kliya imeungua. Ya pili inazunguka huku ikiyumba, haina haraka wala haichomi kirahisi. Anayejifundisha aanze na hiyo. Wapo wanaofunga pedi, ile sponji au manyoya yanayosugua rangi, kwenye grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo ya kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi inayozunguka tu huendeshwa kati ya mara 600 na 2,000. Hesabu hiyo inatosha kueleza boneti nyingi zilizoharibika.

Gari huoshwa kwanza, kisha husuguliwa kwa udongo maalumu laini, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kung'oa chembe za chuma na utomvu ulioganda. Ukiruka hatua hiyo, pedi itazizungusha chembe zilezile kama msasa. Kingo za milango, mikunjo ya bodi na plastiki hufunikwa kwa tepu, maana kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi na ndiko inakotoboka kwanza.

Halafu inakuja hatua ninayoiona ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji: jaribio. Anachagua eneo dogo, kama sentimita 50 kwa 50, anaanza na pedi laini na polishi laini. Ikitosha, anaishia hapo. Isipotosha ndipo anapanda kwenye kompaundi, yaani polishi yenye chembe kali, na pedi ya manyoya, kisha anarudi na laini kufuta ukungu ulioachwa na ile kali. Asiyejaribu huanza na kali gari zima, na anakula kliya ambayo haikuwa na kosa.

Kuna hila pia. Kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Gari langu la kwanza lilitoka kwa fundi mmoja likiwa kioo kitupu. Baada ya kuoshwa mara mbili, mizunguko yote ilikuwa imerudi nyumbani. Siku hizi naomba eneo moja lifutwe kwa spiriti mbele yangu kabla sijalipa. Kinachobaki baada ya spiriti ndicho kilichosahihishwa kweli. Nta hupakwa mwisho, na hiyo ndiyo inayoongezwa.

Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake usiulizie polishi. Ni mrefu mno kwenda chini. Vilevile mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi ya aliyeungua na jua, hasa juu ya paa na boneti: hapo kliya imekufa, hakuna cha kusaga, dawa yake ni kupuliza rangi upya.

Pikapu na gari nyingi nyeupe za zamani ni habari nyingine, kwa sababu nyingi hazina kliya kabisa. Pedi ikigusa inageuka nyeupe, mtu anashtuka. Ile ni rangi iliyokufa inayotoka, na aina hiyo hurudi uhai vizuri mno, mradi bado kuna unene.

Unene ndio wa kuuangalia unaponunua gari la mkononi linalong'aa kuliko umri wake. Usitazame katikati ya boneti, tazama kingo zake na mikunjo ya milango. Ukiona praima inachungulia pale, gari hilo limeshasagwa zaidi ya lilivyoweza kuvumilia.