Nini maana ya Chama cha Shogi cha Japani?

Ukisikia "chama cha mchezo", picha inayokuja haraka ni ya ofisi: viongozi juu wanapanga ratiba, wachezaji chini wanaifuata. Chama cha Shogi cha Japani, kwa Kijapani Nihon Shogi Renmei, hakiko hivyo. Wanachama wake ni wachezaji wa kulipwa wenyewe. Wao ndio hukaa katika mkutano mkuu, hupiga kura na kuchagua rais miongoni mwao. Aliyepitisha kanuni leo anaweza kesho kuketi mbele ya ubao kupambana na mwenzake aliyeipinga.

Shogi ni ndugu wa sataranji. Ubao una miraba 81, na kila upande una kete 20: vibao vidogo bapa vyenye ncha, vilivyoandikwa majina kwa maandishi ya Kijapani. Kete zote ni za rangi moja, kwa sababu kete iliyoliwa haifi. Aliyeila huiweka kando, na zamu yake ikifika anaweza kuirudisha ubaoni ipigane upande wake. Aliyecheza bao, ambako kete ulizokula huzisambaza upande wako, ataelewa upesi kwa nini mchezo huu hauishiwi nguvu. Aliyebanwa huinamisha kichwa na kusema "makemashita", yaani nimeshindwa, na mambo yanaishia hapo.

Chama huhesabu umri wake kuanzia Septemba 8, 1924, makundi ya wachezaji wa Tokyo yalipoungana chini ya Sekine Kinjiro. Huyu mzee anastahili kusimuliwa vizuri. Cheo kikuu cha shogi, Meijin, kilianza mwaka 1612, na kwa karne mbili na zaidi kilibaki ndani ya nyumba tatu za ukoo. Hata nyumba hizo zilipokwisha, aliyekipata alikaa nacho hadi kufa. Sekine mwenyewe alikipata akiwa na miaka 53, nguvu za ujana zimeshampita. Mwaka 1935 akatangaza kwamba anakiachia, ili kuanzia hapo kishindaniwe ubaoni. Kimura Yoshio akakitwaa kwa ushindani mwaka 1937. Kwangu mimi, chama hiki kilipata maana yake siku ile mtu alipoachia kwa hiari kitu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Siku hizi chama kina makao Sendagaya, Tokyo, na jengo jingine Takatsuki, karibu na Osaka. Huendesha mashindano ya mataji 8 makubwa, mengi yakidhaminiwa na magazeti, na hutoa vyeti vya dani, yaani ngazi za ustadi, kwa wachezaji wa ridhaa. Cheti hicho husainiwa kwa brashi na wino na rais wa chama, na Meijin, na mwenye Ryuo, taji mojawapo kati ya hayo 8. Mchezaji wa mtaani anatundika ukutani wino wa bingwa mwenyewe.

Lakini kazi nzito kuliko zote ni kulinda mlango. Anayetaka kuwa mchezaji wa kulipwa huingia Shoreikai, chuo cha chama, mara nyingi akiwa bado mtoto. Hupanda ngazi hadi dani ya 3, kisha hucheza ligi ya nusu mwaka, michezo 18. Kwa kawaida wawili wa juu ndio hupewa dani ya 4, na hapo ndipo ajira inapoanza. Asiyevuka hadi miaka 26 hutolewa, isipokuwa akiwa anaendelea kushinda zaidi ya kushindwa. Hapo huongezewa muda, mwisho miaka 29. Fujii Sota alivuka mwaka 2016 akiwa na miaka 14, na mwaka 2023 akawa na mataji yote 8 kwa pamoja. Wengi huondoka wakiwa wametumia ujana wao wote ubaoni.

Segawa Shoji alikuwa mmoja wa walioondoka. Akaajiriwa katika kampuni, akaendelea kucheza kama mchezaji wa ridhaa, na akawa anawafunga wachezaji wa kulipwa. Mwaka 2005 alikiomba chama kimfungulie njia. Wanachama walipiga kura wakakubali, akapewa mtihani wa michezo, akafaulu akiwa na miaka 35. Tangu hapo mtihani umewekwa katika kanuni: anayefanya vizuri vya kutosha dhidi ya wachezaji wa kulipwa anaruhusiwa kupambana na watano kati ya wapya kabisa, na akishinda mara tatu anaingia. Mlango ule ulichelewa mno kufunguliwa.

Wanawake wana daraja lao la kulipwa tangu 1974, tofauti na lile la dani ya 4 ya Shoreikai. Nishiyama Tomoka alifika dani ya 3, akatoka, kisha akaujaribu mtihani. Januari 2025 alipoteza mchezo wa tano, matokeo yakawa 2 kwa 3. Miezi mitano baadaye, Juni, chama kilimchagua Shimizu Ichiyo, mchezaji wa daraja hilo la wanawake, kuwa rais, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, wakati hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka ule mlango.