Hicho kimstari kiacheni: dhana potofu kuhusu kutumia tovuti kwa kibodi

"Ondoa hicho kimstari cha bluu, kinaharibu muonekano." Karibu kila tovuti ninayoitwa kuikagua ina mtu wa kuyasema haya: leo meneja masoko, kesho dizaina, keshokutwa mwenye duka mwenyewe. Mara nyingi nafika wameshakiondoa. Basi naanza nacho, mengine yatafuata.

Wanaamini kwamba kimstari kinachozunguka kiungo au kitufe ulichokifikia kwa kibodi ni pambo la kivinjari, na kwamba ukikifuta hakuna anayepoteza kitu.

Kimstari hicho ndicho mshale wa mtu asiyetumia kipanya. Wewe ukipotea kwenye skrini unatikisa kipanya, unauona mshale ulipo. Anayetembea kwa Tab, yaani anayebonyeza Tab kwenye kibodi kuhama kiungo hadi kiungo, hana kingine cha kumwonyesha alipo. Kikifutwa, Tab inaendelea na kazi kama kawaida, fokasi (mahali alipo kwenye ukurasa) inahama kiungo hadi kiungo, ila yeye haoni. Ni kama umempandisha daladala usiku, vioo vimepakwa rangi nyeusi na konda hataji vituo.

Chukua fomu ya kawaida ya maombi. Jina, namba ya simu, mkoa, maelezo, halafu chini vitufe viwili vimekaa bega kwa bega: "Futa yote" na "Tuma". Mtu kajaza kila sehemu. Anabonyeza Tab, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Sasa yuko juu ya kipi? Akibahatisha Enter, huenda akafuta alichokiandika kwa robo saa nzima. Ofisini wataandika "kosa la mtumiaji". Kosa la mtumiaji lipi hapo?

Ugonjwa huu una historia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 lilisambaa sana faili la CSS (lugha ya kupanga muonekano wa tovuti) la mtaalamu Eric Meyer la kusawazisha vivinjari, na ndani yake mlikuwa na amri ya kuondoa kimstari. Pembeni ya amri hiyo palikuwa na ukumbusho kwamba msanidi aweke mtindo wake mwenyewe wa fokasi. Watu walinakili amri, ukumbusho wakauacha. Toleo la 2011 halina tena amri hiyo, lakini mimi nakutana na outline: none, amri ya kukiondoa kimstari, kwenye templeti hadi leo.

Zamani malalamiko ya madizaina yalikuwa na msingi kidogo, kwa sababu hata ukibofya kitufe kwa kipanya kimstari kilibaki. Hilo limeshatatuliwa. Ipo amri ya CSS, :focus-visible, ambayo kwenye vitufe na viungo huonyesha kimstari pale mtu anapotumia kibodi. Chrome iliipata 2020, Firefox 2021, Safari 2022. Kwa hiyo kama bluu inawakera, wekeni rangi ya kampuni yenu, unene wa pikseli mbili au tatu, na tofauti yake ya mwangaza na rangi ya nyuma isipungue 3 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na kila mtu, inadai fokasi ionekane, na toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza kwamba isifunikwe yote na vitu vingine. Hapo nawasema nyie wenye menyu inayoganda juu ya ukurasa na bango la vidakuzi lililolala chini.

Siku ya kupokea tovuti, chomoeni kipanya mkifungie kwenye droo, kisha mjaribu kununua bidhaa moja hadi mwisho. Msipofika kwenye malipo, msisaini.

"Kibodi ni ya vipofu tu." Hapa kimstari kinauawa mara ya pili. Asiyeona kabisa anasomewa na NVDA au JAWS, programu za kusoma skrini kwa sauti, hakihitaji. Anayekihitaji ni yule anayeona ila mkono hautulii: mwenye Parkinson, aliyefungwa plasta, anayeendesha kompyuta kwa swichi (kitufe maalumu kimoja au viwili badala ya kibodi). Na mhasibu anayeingiza takwimu kutwa nzima, ambaye kushika kipanya kunamchelewesha.

"Wateja wetu wote wako kwenye simu." Simu inaunganishwa na kibodi ya Bluetooth, na Android na iPhone zote zinaweza kuendeshwa kwa swichi. Inayofuata.

"Tumeweka tabindex 1, 2, 3 ili mpangilio ukae vizuri." Toeni zote. Tabindex ni namba ya zamu ya Tab, na yoyote iliyozidi sifuri inaruka foleni ya ukurasa mzima, na siku mkiongeza sehemu moja kwenye fomu, mpangilio wote unavurugika. Pangeni HTML yenyewe, maandishi yanayojenga ukurasa, kwa utaratibu wa kusomwa. Kwa tabindex, 0 na -1 zinatosha.

"Kitufe ni kitufe, hata kikiwa div." Div ni kisanduku tu cha HTML; ikiwa tupu hata Tab haiifikii. Kitufe kilichoandikwa kwa HTML kama button kinakuja na Enter na Space bure, bila JavaScript. Vivyo hivyo orodha ya mikoa: select, orodha ya kawaida ya HTML, inakubali mishale, na ukiandika "Mo" inakupeleka Morogoro. Ninyi mmechonga ya kwenu, nzuri kweli, inafunguka kwa kubofya tu.

"Kwa kibodi utabonyeza Tab mpaka uchoke." Labda kama mtengenezaji hakuweka kiungo cha kuruka menyu. Mtumiaji naye ana mbinu zake. Kwenye Chrome na Firefox bonyeza Ctrl+F, andika herufi chache za kiungo unachokitaka, bonyeza Esc: fokasi inabaki palepale kwenye kiungo, kazi yako ni Enter. Space inateremsha ukurasa, Shift+Space inaupandisha, na kwenye Windows Alt na mshale wa kushoto unarudisha ukurasa uliotoka.

"Tovuti ni mbovu, kwenye Mac Tab inaviruka viungo vyote." Kabla hamjamfokea msanidi: Safari ndivyo inavyokuja. Ingieni kwenye mipangilio yake ya juu (Advanced), wekeni tiki panaporuhusu Tab ipite kila kitu kwenye ukurasa, au tumieni Option+Tab. Jaribuni upya, kisha ndiyo mnipigie.