Je, mgomo wa mshahara unamlipa mfanyakazi wa kampuni ya simu?

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na wafanyakazi wapatao arobaini wa kampuni moja ya simu, katika ukumbi mdogo ulioko Nakawa, jijini Kampala. Mazungumzo yao na mwajiri kuhusu nyongeza ya mshahara yalikuwa yamekwama, na kabla sijaketi vizuri kijana mmoja, fundi wa faiba (nyaya zinazobeba intaneti), alisimama akauliza: "Mzee, tugome au tusigome? Tunataka jibu, hatutaki hotuba." Nilimjibu kwamba mgomo unalipa pale ambapo kazi inayosimama inazuia mapato ya kampuni kabla akiba ya waliogoma haijaisha, na kwamba katika sekta yetu sharti hilo ni gumu kutimia kuliko wengi wanavyodhani. Naandika hapa maelezo niliyowapa, kwa kirefu zaidi. Nilikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuwaandalia wafanyakazi hesabu na hoja wanapokwenda kujadiliana na waajiri.

Tuanze na hesabu, kwa sababu watu hupiga kura ya mgomo kwa hasira na hukumbuka hesabu siku ya mshahara. Chukua mfanyakazi anayepata shilingi 1,200,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Akigoma siku 10 bila malipo, anapoteza takriban shilingi 461,500. Kwa kuwa kila shilingi inayozidi 410,000 hukatwa kodi ya asilimia 30, na mchango wake kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5, fedha ambayo haitafika mfukoni ni kama 300,000. Tuseme mgomo unaleta nyongeza ya asilimia 8, yaani shilingi 96,000, ambazo baada ya makato ni 62,400. Atafidia hasara yake ndani ya miezi mitano, na ukumbini watu walipiga makofi nilipoandika jibu hilo ubaoni.

Makofi hayo yalikuwa ya mapema. Mwajiri wao alikuwa ameshatoa asilimia 5 mezani kabla ya mtu yeyote kutamka neno mgomo, na hiyo ingepatikana bila kupoteza hata siku moja. Mgomo unapaswa kudaiwa matunda ya asilimia 3 iliyobaki tu, ambayo mkononi ni shilingi 23,400 kwa mwezi, na kwa kiwango hicho hasara ya 300,000 inafidiwa baada ya takriban miezi 13. Kosa la kulinganisha matokeo ya mgomo na mshahara wa zamani, badala ya kulinganisha na kile kilichokwisha kuahidiwa, nimelikuta karibu katika kila chama nilichokisaidia. Hata hivyo miezi 13 si hasara kwa mtu anayetarajia kukaa kazini miaka mingi, kwa sababu nyongeza ikishaingia kwenye mshahara wa msingi inabaki humo, asilimia za miaka ijayo huhesabiwa juu yake, na mwajiri naye analazimika kuongeza mchango wake wa asilimia 10 kwenye NSSF. Ndiyo maana huwasihi watu wakatae bahasha ya mara moja, hata ikiwa nono, ikiwa inatolewa badala ya nyongeza ya msingi.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya dhana kwamba mwajiri atakubali, na hapo ndipo kampuni ya simu inapotofautiana na kiwanda cha sukari. Miwa isipokatwa, kinu kinasimama. Mtandao wa simu hauna haja ya mkono wa mtu kila saa: mteja ananunua muda wa maongezi, anatuma pesa, anapiga simu, na mitambo inamhudumia na kumkata malipo yenyewe. Mwaka mmoja, katika kampuni ambayo sitaitaja, mimi na wenzangu tuligoma siku tatu. Tulikaa chini ya mwembe nje ya lango, na mwenzetu mmoja alimpigia mkewe aliyekuwa Mbale kumweleza kwamba tumeacha kazi. Simu iliita mara moja, ikapokewa, na sauti ilisikika safi kana kwamba mama yule ameketi nasi kivulini. Nilimwona mwenzangu akiitazama ile simu baada ya kuikata, na nadhani sote tulielewa wakati mmoja. Usiku wa pili radi ilipiga mnara mmoja mlimani, nasi tukangoja wakubwa waje kutuomba. Hawakuja. Aliyepanda mnara ule kabla ya mapambazuko alikuwa kijana wa mkandarasi, ambaye hakuwa mwanachama wetu na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa upo mgomo. Siku ya nne tulirudi kazini bila nyongeza, na mwisho wa mwezi siku zetu tatu zilikatwa.

Kilichotushinda siku zile kina historia. Zamani za Shirika la Posta na Simu la Uganda, mwendesha mitambo, fundi wa nguzo na karani wa ankara walikuwa na mwajiri mmoja, hivyo mmoja akigoma aliyeketi upande wa pili alikuwa mwenzake. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 ilifungua soko na shirika likagawanywa. Kisha kazi yenyewe ikaanza kumegwa vipande. Leo minara mingi ya Uganda ni mali ya kampuni za minara, si ya kampuni ya simu ambayo jina lake liko kwenye laini yako. Kulinda minara hiyo, kujaza dizeli kwenye jenereta, kuchimba mitaro ya mkonga wa faiba na mara nyingi hata kupokea simu za wateja hufanywa na watu wa mikataba. Wale vijana wanaovuta mkonga kwenye barabara ya Jinja kuelekea Malaba, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili siku nzima kwa sababu wametoka pande zote mbili za mpaka, wana nguvu mkononi kuliko maofisa wenye vitambulisho vya kampuni shingoni, na ndio wanaolipwa kidogo zaidi.

Mahali ambapo mgomo wa simu umelipa, nguvu hiyo ilikuwa ndani ya chama. Nchini Marekani mwaka 2016, wafanyakazi karibu 40,000 wa kampuni ya simu ya Verizon waligoma kwa takriban wiki saba, na kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo mafundi wa kuunganisha faiba majumbani, kampuni ilishindwa kuwaunganisha wateja wapya kwa kasi yake ya kawaida. Walirudi na nyongeza ya karibu asilimia 11 katika miaka minne. Uingereza mwaka 2022, wahudumu wa simu wa kampuni ya BT na mafundi wa Openreach, tawi lake la nyaya, jumla kama 40,000, walifanya mgomo wao wa kwanza wa kitaifa tangu 1987. Waligoma siku chache zilizotawanywa kwa miezi, jambo ambalo lililinda akiba za nyumbani, na mwishoni waliokuwa wakipata pauni 50,000 au chini ya hapo walipewa pauni 1,500 zaidi kwa mwaka. Sisi hatuna chama cha ukubwa huo, lakini mpangilio wa siku zilizotawanywa unaweza kuigwa na chama cha watu mia mbili.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kusitisha kazi yake kwa mujibu wa sheria, na maneno hayo ya mwisho yana uzito. Chini ya sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 2006, mgogoro hupelekwa kwanza kwa ofisa wa kazi. Asipoupeleka Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi, ndani ya wiki 8, mhusika anaweza kuupeleka mwenyewe. Anayeruka hatua hizi anampa mwajiri sababu ya kumfukuza. Zaidi ya hayo, vyombo vya Shirika la Kazi Duniani huihesabu huduma ya simu kuwa miongoni mwa huduma muhimu ambazo mgomo wake unaweza kuwekewa mipaka, na mimi naona ni sawa: mama mwenye uchungu wa uzazi lazima aweze kumpigia dereva wa bodaboda. Chama kiseme mapema ni nani watakaobaki zamu.

Sheria haitupi sakafu ya mshahara, maana kima cha chini kilichopo ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi cha mwaka 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais. Mezani tunasimama kwa hoja zetu peke yake. Kuna jambo moja limebadilika kwa faida yetu: MTN Uganda iliingia Soko la Hisa mwishoni mwa 2021 na Airtel Uganda mwaka 2023, kwa hiyo hesabu zao hutangazwa hadharani, na yeyote anaweza kusoma faida ya mwaka na gawio la wanahisa kabla ya kutaja asilimia anayoidai. Mjadiliaji aliyezisoma hubishana kwa namna nyingine kabisa, na mara nyingi mwajiri anayejua kwamba umezisoma, na kwamba kura ya mgomo imepita kwa wingi, huongeza kabla siku ya kwanza ya mgomo haijafika. Nyongeza za namna hiyo ndizo zilizonifurahisha zaidi katika kazi yangu, kwani hazikumgharimu mtu hata shilingi moja ya karo ya mtoto.

Kwa hiyo pale Nakawa niliwashauri waahirishe kura kwa miezi mitatu, wafungue mgogoro kwa ofisa wa kazi ili muda wa kisheria uanze kuhesabiwa, na katika kipindi hicho wawatafute watu wa mkandarasi. Baadhi walinung'unika kwamba vijana wa jenereta hawana uwezo wa kulipa ada ya chama. Yule fundi wa faiba alisema ada ya mwaka wa kwanza ichangwe na wenye mishahara, na hilo likapitishwa kwa kunyoosha mikono. Jumatano alinipigia kuniambia kwamba wameshajiandikisha kumi na moja, wanne kati yao wakiwa wale wanaopanda minara.