Mbalanga na Ngano: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwanamke mmoja ninayemfahamu mjini Jinja, Uganda, aliacha kula chapati baada ya kuona baka jeupe, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, limejitokeza juu ya kidole chake, na jingine dogo pembeni mwa mdomo. Shoga yake alikuwa amemwambia kwamba mbalanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo, huletwa na ngano. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni magumu kuyang'oa kuliko uzushi mtupu.

Dhana: Ngano husababisha mbalanga.

Mbalanga hutokea pale mfumo wa kinga unapozigeukia melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na kuziua. Siliaki, ugonjwa unaochochewa na ngano, nayo ni kosa la mfumo huohuo, ila linalodhurika ni utumbo mwembamba: mwenye ugonjwa huo anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga yake huharibu vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula. Maradhi haya mawili, basi, ni ya ukoo mmoja, na aliyepata moja la ukoo huo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata jingine. Hata hivyo, jamaa anayeandamana na mbalanga mara nyingi zaidi ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, wala si siliaki. Tafiti zilizotafuta uhusiano wa mbalanga na siliaki zimepingana: baadhi zilikuta dalili za siliaki katika damu ya wenye mbalanga mara nyingi kuliko kwa watu wengine, na nyingine hazikuona tofauti. Ikumbukwe pia kwamba siliaki humpata takribani mtu 1 kati ya 100 duniani, na mbalanga hukadiriwa kati ya asilimia 0.5 na 2, kwa hiyo hata kama pasingekuwa na uhusiano wowote, wangekuwepo watu wachache wenye yote mawili kwa sadfa tu.

Dhana: Ukiacha ngano, rangi itarudi.

Zipo taarifa za kitabibu za wagonjwa mmojammoja ambao mabaka yao yalipungua walipoacha gluteni. Lakini mabaka ya mbalanga huweza kurudisha rangi kiasi yenyewe, na simulizi la mgonjwa mmoja halitoshi kuwa dawa ya wote. Kinachonisumbua zaidi ni madhara ya kuacha mapema. Siliaki hupimwa kwa kutafuta kingamwili maalumu katika damu, kisha mara nyingi kwa kuchukua vipande vidogo vya utumbo, na vipimo hivyo husema kweli tu iwapo mtu bado anakula gluteni. Aliyejinyima kwa muda mrefu huanza kupona, kingamwili hushuka, na jibu linaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Mwenye kuhara kusikoisha, kupungua uzito, au upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, na apimwe kwanza huku akiendelea kula kama kawaida. Katika mazingira yetu minyoo na vijidudu vya maji machafu navyo huleta dalili hizo, na ni busara kuvichunguza pia.

Kwa aliyethibitishwa kuwa na siliaki, sahani ya Uganda haina ukatili mkubwa: matoke, posho (ugali wa mahindi), mihogo, viazi vitamu, wali, mtama na wimbi havina gluteni. Mtego uko kwenye kibanda cha rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa yai, ambapo yai hukaangwa juu ya bati lilelile lililotoka kugeuza chapati, likiwa bado na vumbi la unga kingoni. Kuagiza mayai matupu hapo hakumsaidii.

Dhana: Siliaki ni ugonjwa wa Wazungu.

Ni kweli kwamba Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ndiye aliyeihusisha ngano na ugonjwa huo katikati ya karne iliyopita. Lakini Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ambao ni Waafrika, ni miongoni mwa watu wenye viwango vya juu kabisa vya siliaki vilivyowahi kupimwa.

Dhana: Mbalanga ni ukoma, au huambukiza.

Mbalanga haiambukizi hata kidogo. Baka la ukoma aghalabu hupoteza hisia, ilhali la mbalanga huhisi mguso kama ngozi nyingine, na mhudumu wa afya hulipima kwa kipande cha pamba tu.

Mwanamke wa Jinja alishauriwa arudie chapati zake kwa wiki kadhaa, kisha akapimwa. Siliaki haikuonekana. Tezi yake ya thairoidi, ambayo hakuna aliyeitaja kabla ya hapo, ilikutwa inafanya kazi chini ya kiwango. Sasa anameza kidonge cha tezi kila asubuhi, uchovu aliokuwa akiusingizia biashara umepungua, na mabaka yake bado yapo.