Je, Wajua Kwa Nini Daktari Huuliza Kipi Kilitangulia, Homa au Vipele?

Mzazi aliyekesha siku nne na mtoto mwenye homa, kisha siku ya tano akamvua nguo ili amwogeshe na kumkuta kifua kizima kimejaa vipele, hufika kwa daktari akitarajia kwamba vipele ndivyo vitakavyotazamwa kwanza. Badala yake huulizwa homa ilianza siku gani, vipele vilitokea lini, vilianzia sehemu gani ya mwili, na je, vilipotokea homa ilikuwa imepanda au imeshuka. Maswali hayo humkera mtu mwenye wasiwasi, lakini mara nyingi majibu yake husaidia kuliko vipele vyenyewe, kwa kuwa vipele vya magonjwa mengi ya watoto hufanana mno, ilhali mpangilio wa siku zake hutofautiana.

Kiswahili husema mtoto “ametokwa na vipele”, na msemo huo umewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa ulikuwa umejificha ndani na sasa unatoka. Mambo sivyo yalivyo. Katika surua, kwa mfano, virusi huingia katika chembe za vimishipa vidogo vya damu vya ngozi, na vipele hutokea pale askari wa kinga ya mwili wanapofika kuzishambulia chembe hizo; ndiyo maana mtoto ambaye kinga yake imedhoofika sana anaweza kuugua surua kali bila kutokwa na kipele hata kimoja. Kwa kuwa kinga huhitaji siku kadhaa kujiandaa, vipele vya namna hii huchelewa nyuma ya homa, na kila ugonjwa una muda wake wa kuchelewa.

Mfano unaowashangaza wazazi kuliko yote ni roseola, ugonjwa unaowapata hasa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2, umri ambao kinga waliyorithi kwa mama imekwisha na yao wenyewe haijakomaa. Homa hupanda ghafla, mara nyingi kupita nyuzi 39, ikakaa siku 3 hadi 5 bila sababu inayoonekana, na kwa baadhi ya watoto upandaji huo wa ghafla huleta degedege. Kisha homa hushuka kwa mkupuo, mtoto akaanza kucheza, na siku hiyohiyo au ya pili yake vipele vidogo vya waridi vikatokea kifuani, tumboni na mgongoni, visivyowasha, ambavyo hufifia ndani ya saa chache au siku mbili. Virusi vinavyousababisha kwa kawaida, vya jamii ya herpesi, vilitambuliwa kuwa chanzo chake na watafiti wa Japani mwaka 1988. Hapo kale madaktari waliyapa magonjwa ya vipele vya watoto namba, surua ikiwa ya kwanza, na roseola bado huitwa “ugonjwa wa sita”.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa ambalo nadhani ni la kawaida kuliko linavyokiriwa. Mtoto anapewa amoksilini siku ya tatu ya homa, dawa isiyoua virusi kabisa. Siku ya tano homa inashuka kwa wakati wake na vipele vinatokea. Basi familia inahitimisha kwamba dawa imemponya na papo hapo kwamba mwili wake unaikataa. Mtoto huyo anaweza kukua na maandishi ya “mzio” kwenye faili lake na kunyimwa dawa nzuri kwa miaka, kwa kosa la kalenda tu.

Surua hufuata njia iliyo kinyume. Homa huja pamoja na kikohozi, mafua na macho mekundu yenye kutoa machozi, na baada ya siku 2 hadi 4 vipele huanza nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, vikateremka usoni, shingoni, kiwiliwilini na miguuni kwa muda wa siku 3 hivi. Vipele vinapotokea, homa haishuki, bali ndipo inapofika kileleni. Siku moja au mbili kabla yake, ukimfungua mtoto kinywa na kumulika upande wa ndani wa shavu karibu na magego, unaweza kuona madoa meupe madogo kama punje za chumvi juu ya wekundu. Daktari Henry Koplik wa New York aliyaeleza mwaka 1896. Homa inayoendelea siku kadhaa baada ya vipele kuenea, au inayorudi baada ya kuondoka, huashiria tatizo jingine, mara nyingi nimonia. Na kwa kuwa surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, mzazi anayeishuku aseme mlangoni, kabla ya kuketi miongoni mwa watoto wengine.

Vitabu vingi husema “vipele vyekundu”, neno linalomwacha gizani mzazi wa mtoto mwenye ngozi nyeusi, kwa sababu wekundu huo huweza kuonekana kama kahawia au zambarau, au usionekane kabisa. Mkono husaidia pale macho yanaposhindwa: mlaze mtoto karibu na dirisha ili mwanga umwangukie kwa ubavu, kisha mpitishie mgongo wa kiganja tumboni. Ngozi inayokwaruza kama msasa, ikiambatana na koo linalouma, humfanya daktari afikirie skarlatina, ugonjwa wa bakteria ambao, tofauti na ile roseola, unahitaji kweli antibiotiki.

Kuna vipele ambavyo havingoji kuhesabiwa siku. Bonyeza ubavu wa glasi ya kioo juu yake: visipofifia, maana yake damu imevuja nje ya vimishipa, na kwa mtoto mwenye homa hiyo inaweza kuwa dalili ya maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo, hivyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa ngozi nyeusi, tazama viganja, nyayo na ndani ya kope. Mtoto aliye chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 au zaidi naye hasubiri, awe na vipele au asiwe navyo.

Inabaki homa isiyoshuka. Siku 5 ndiyo hesabu inayomfanya daktari wa watoto aanze kuufikiria moyo, kwa sababu ya ugonjwa ambao Tomisaku Kawasaki wa Japani alikutana nao mwaka 1961 kwa mvulana wa miaka 4, akachapisha taarifa za watoto 50 mwaka 1967. Chanzo chake hakijagunduliwa, lakini huvimbisha kuta za mishipa ya damu, ikiwemo ile inayoulisha moyo wenyewe. Dalili zake ni macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vinundu, vipele, viganja na nyayo zilizovimba, na tezi ya shingo iliyokua. Ugumu ni kwamba hazikubali kuja siku moja: macho yaliyokuwa mekundu Jumanne huweza kuwa meupe Ijumaa, na daktari anayemwona mtoto Ijumaa hana njia ya kuyajua ila kwa kuuliza. Bila matibabu, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hubaki na uvimbe katika mishipa ya moyo. Akipewa kingamwili kwa dripu ndani ya siku 10 za mwanzo, hatari hiyo hupungua sana. Pamoja nazo hupewa aspirini, dawa ambayo mzazi hapaswi kumpa mtoto mwenye homa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni ngozi ya ncha za vidole inayoanza kuambuka pale kucha inapokutana na nyama, ikatoka vipande vipande. Hiyo mzazi yeyote huiona bila kuonyeshwa, ila hutokea katika wiki ya pili au ya tatu, wakati zile siku 10 zimekwisha au zinakaribia kwisha.