Ukuzaji wa Afya: Maana Yake na Njia za Kazi kwa Mwanachuo wa Pwani

Ukuzaji wa afya ni kazi ya kuwawezesha watu kuitawala afya yao wenyewe na kuiboresha. Hivyo ndivyo ilivyoelezwa katika Hati ya Ottawa, iliyotolewa nchini Kanada tarehe 21 Novemba 1986 katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa taaluma hii, na maelezo hayo yangali ndiyo msingi wa mafunzo yake vyuoni. Hati hiyo ilitaja nyanja tano za utendaji: kutunga sera zinazojali afya, kujenga mazingira yanayomsaidia mtu kuishi kwa afya, kuimarisha uwezo wa jamii kujifanyia mambo yake, kukuza stadi za mtu binafsi, na kuzielekeza upya huduma za afya ili zisiishie kwenye tiba. Mwanafunzi wa Lamu au Malindi anayejiuliza atafanya kazi gani baada ya kuhitimu anafaa kuanzia hapo, kwa kuwa kila uwanja una waajiri wake na ujuzi wake. Kwa maoni yangu, wanafunzi wetu wengi hujiandaa kwa uwanja mmoja tu, ule wa kusimama mbele ya watu na kuwaeleza la kufanya, na kwa sababu hiyo huiona taaluma yao kuwa finyu kuliko ilivyo.

Tofauti ya ukuzaji wa afya na kazi nyingine za afya huonekana vizuri katika jambo lililotokea Lamu. Mwaka 2004 mji huu ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya chikungunya, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu anayeeneza virusi hivyo, aitwaye Aedes aegypti, huuma mchana na huzaana katika maji yanayohifadhiwa majumbani. Wakati ule kulikuwa na ukame, na watafiti walieleza kwamba huenda ukame wenyewe ulichangia mlipuko, kwa sababu maji yaliyowekwa katika vyombo yalikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Daktari katika hali kama hiyo hutibu homa na maumivu ya viungo. Mwelimishaji wa afya huwaambia watu wafunike mapipa. Mtaalamu wa ukuzaji wa afya husikiliza hayo yote, kisha akauliza kwa nini familia inalazimika kuweka maji kwa siku nyingi, ni nani anayeamua mgawo wa maji mjini, vifuniko vinavyofaa vitapatikana kwa bei gani, na michanga ya Shela, ambayo ndiyo ghala la maji ya mji wa Lamu, inalindwa namna gani dhidi ya ujenzi.

Wazee wa Lamu walikuwa na jibu lao kwa sehemu ya swali hilo. Katika nyumba za mawe za kale, samaki wadogo waliwekwa ndani ya birika la chooni, yaani tangi la kuhifadhia maji, ili wale viluwiluwi vya mbu. Mkazi wa nyumba ile hakuhitaji kukumbushwa kila juma kuhusu mbu, kwa maana kinga ilikuwa imekwisha kuingizwa katika maisha yake ya kila siku. Mwanafunzi akilifahamu birika lile vizuri atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya taaluma yake: mazingira yakipangwa vyema, jambo lenye afya huwa ndilo jepesi kulifanya, hata kwa mtu aliyechoka, asiye na pesa, au asiyejua kusoma bango lililobandikwa ukutani.

Mwajiri wa kwanza anayefikiriwa na wengi ni serikali ya kaunti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikabidhi kaunti huduma za afya, ikiwemo kuendeleza huduma za afya ya msingi, na ndiyo maana nafasi nyingi za umma hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa majina ya vyeo yanakaribiana. Mhamasishaji wa afya ya jamii, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba akiwa na mkoba wa vifaa kama kipima shinikizo la damu, ni mwanakijiji anayehudumia kaya zipatazo mia moja. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 kati yao mwaka 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Huo ni utumishi wa heshima, lakini posho ile si mshahara wa kumtunza mtu aliyesomea diploma au shahada. Aliyepitia chuo hulenga nafasi ya juu yake: msaidizi wa afya ya jamii anayewasimamia wahamasishaji hao, au afisa wa ukuzaji wa afya katika idara ya afya ya kaunti au ya kaunti ndogo.

Kazi ya afisa huyo si ya kupaza sauti kwenye kipaza sauti, ijapokuwa hilo nalo hufanyika. Chukua mfano wa ugawaji wa dawa za matende na mabusha, ambao umefanywa katika kaunti za Pwani mara kadhaa. Watu wasiojisikia wagonjwa huombwa wameze vidonge ili kukata uambukizaji, na baadhi yao hupata kizunguzungu au homa baada ya kumeza. Afisa lazima apange kalenda ili zoezi lisiangukie mchana wa Ramadhani. Ni lazima ajue wavuvi waliokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, watarudi lini, la sivyo wanaume watakosekana nyumbani hesabu ikifanywa. Huwakutanisha mapema khatibu, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi cha ufuo, mwalimu wa madrasa na mama anayeaminiwa mtaani, akawaeleza madhara madogo yanayoweza kutokea kabla uvumi haujawaeleza kwa namna yake. Baada ya zoezi, huhesabu kaya zilizokataa na kutafuta sababu. Asiyeweza kusoma jedwali la takwimu hatalimudu jambo hilo la mwisho, hata akiwa msemaji hodari namna gani.

Malindi kuna njia nyingine, nzito na yenye kuhitaji moyo. Matumizi ya heroini yameumiza familia nyingi za Pwani, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya serikali ya Malindi, ambako mtu aliyezoea heroini hupewa dawa mbadala kila siku chini ya uangalizi. Methadoni huandikwa na kutolewa na matabibu, lakini kazi inayoizunguka ni yetu: kuwafikia watumiaji katika maskani zao, kuzungumza na familia iliyokwisha kukata tamaa, kuwashawishi polisi na wazee wa mtaa kwamba anayekwenda kliniki kila asubuhi anajitibu, na kumtafutia kazi aliyeanza kutulia. Mwanafunzi anayeiendea njia hii anafaa aongeze mafunzo ya ushauri nasaha. Naitaja kwa mkazo kwa sababu wengi huikwepa kwa kuona aibu, ilhali ni mahali ambapo mtaalamu mwenye subira anahitajika mno.

Kusini kidogo, mjini Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989, na majaribio ya chanjo za malaria yamefanyika huko. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kwenda bila watu wa kuunganisha maabara na vijiji. Kuna wanaofanya kazi ya kueleza kwa Kiswahili au Kigiriama kwa nini damu ya mtoto inachukuliwa, mzazi ana haki gani ya kukataa, na matokeo yatarudishwaje kwa waliojitolea. Ushirikishwaji wa jamii katika utafiti umekuwa fani kamili, wenye maadili yake na maandishi yake, na mtu anayejua lugha za nyumbani kwake huwa na sifa ambayo mgeni hataipata haraka.

Mashirika yasiyo ya serikali huajiri maafisa wa miradi, wasimamizi wa uwandani na watu wa ufuatiliaji na tathmini. Msalaba Mwekundu wa Kenya na Amref ni majina yanayojulikana. Hapa Lamu, Safari Doctors, shirika lililoasisiwa na Umra Omar, limekuwa likipeleka huduma kwa mashua hadi vijiji vya visiwani na vya bara vilivyo mbali na hospitali. Safari kama hizo hutibu, huchanja na kuelimisha kwa pamoja, na mwanafunzi akipata nafasi ya kufuatana nazo hujifunza jambo ambalo darasani halionekani: kwamba mgonjwa wa Kiunga hucheleweshwa na nauli, upepo na mafuta ya injini kuliko anavyocheleweshwa na kutojua. Ni lazima lakini kusema wazi kuhusu usalama wa ajira hizi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini Kenya wakapoteza kazi kwa muda mfupi sana. Anayechagua mashirika achague akijua kwamba mkataba hufuata fedha za mfadhili, na ajifunze mapema kuandika maombi ya ufadhili na ripoti zinazosomeka, kwa sababu ujuzi huo huhama naye kutoka shirika moja hadi jingine.

Njia ya sera haizungumzwi sana, nami nadhani inadharauliwa bila haki. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitoa amri za kupiga marufuku muguka, aina ya miraa inayotafunwa, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Serikali kuu ikajibu kwamba muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya kitaifa, wakulima wa Embu wakalalamika kuhusu riziki yao, na mahakama ikasimamisha utekelezaji wa amri hizo. Yeyote anayeishi Malindi anafahamu uchungu wa wazazi uliokuwa nyuma ya amri zile. Hata hivyo mtaalamu wa afya hujifunza hapo kwamba uchungu peke yake hausimami mahakamani. Panatakiwa ushahidi uliokusanywa kwa utaratibu kuhusu madhara, ufahamu wa mamlaka ya kaunti na ya serikali kuu, ushirikishwaji wa umma uliofanywa ipasavyo, na labda hatua za kati kama kudhibiti umri wa wanunuzi na umbali wa vibanda kutoka shule. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, inayokataza uvutaji katika maeneo ya umma na kuuza sigara kwa walio chini ya miaka 18, inaonyesha kwamba jambo la namna hiyo linawezekana. Kamati za afya za mabunge ya kaunti, idara za mipango na mashirika ya utetezi huhitaji watu wanaoweza kuandika waraka wa kurasa mbili unaomwezesha diwani kuamua.

Sehemu za kazi nazo zinaajiri, japo kwa idadi ndogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya; hoteli za Malindi na Watamu, mashamba ya chumvi ya Gongoni na bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, zote zina watu wanaofanya kazi juani, kwa zamu au kwa kunyanyua mizigo. Anayetaka njia hii anahitaji kozi ya ziada ya usalama kazini. Shuleni na katika vyombo vya habari nafasi zipo pia, ingawa mara nyingi huja kama sehemu ya kazi nyingine.

Kuna jambo la kisheria ambalo mwanafunzi alichunguze kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza. Afisa wa afya ya umma, ambaye wazee wetu wangali wanamwita bwana afya, husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na baraza hilo hutazama kozi aliyosoma mwombaji. Shahada yenye maneno ya kukuza afya katika jina lake haimaanishi moja kwa moja kwamba mwenye nayo atasajiliwa kama bwana afya, akague majengo na vyakula. Kwa hiyo muulize msajili wa chuo, kisha uliulize baraza lenyewe, na uombe jibu kwa maandishi. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kina kampasi Lamu na Malindi, kwa hiyo maswali hayo yanaweza kuulizwa bila kusafiri hadi Nairobi. Anayesoma habari za taaluma hii mtandaoni atakutana pia na cheti cha CHES. Hicho hutolewa baada ya mtihani wa wataalamu wa elimu ya afya nchini Marekani, na si sharti la kuajiriwa katika kaunti zetu.

Mafunzo ya nyanjani ndiyo yanayoamua mengi. Mwanafunzi anayepelekwa katika zahanati asikubali kukaa miezi mitatu akijaza daftari la wagonjwa tu. Aombe kuhudhuria kikao cha kila mwezi cha wahamasishaji wa afya ya jamii, aombe takwimu za miaka iliyopita za chanjo au za akina mama wanaojifungulia hospitalini, achague kijiji kimoja ambacho takwimu zake ziko chini, aende akawasikilize watu wake, kisha aandike kurasa chache zinazoeleza kizuizi ni kipi na nani ana uwezo wa kukiondoa. Ampe msimamizi wake nakala, na nakala nyingine aiweke pamoja na vyeti vyake. Siku atakapoulizwa katika usaili amefanya nini, atakuwa na kazi ya kuonyesha, yenye jina la mahali, hesabu na pendekezo.